Sema Unachofikiri

Jumatatu, 3 Machi

Wamenijibu! Baada ya maombi sijui mangapi, niliacha kuhesabu tangu mwezi uliopita. Tangazo lao lilisema: mtengeneza programu, ngazi ya mwanzo, uzoefu usiopungua miaka mitatu. Mwanzo gani huo wenye miaka mitatu? Nikaomba hivyo hivyo. Waseme wenyewe hapana, mimi sijinyimi.

Hatua ni tatu. Mtihani wa mtandaoni, kisha usaili wa ubaoni ofisini kwao, kisha jopo. Kwa nafasi moja.

Naandika hapa chini sakafuni, mgongo ukutani. Tone, binti yangu, amelala pembeni yangu, saa saba mchana, usingizi wake ule mmoja wa siku. Huu ndio muda wangu. Mwaka na nusu sasa. Akilala tu nafungua laptopu, najifunza mpaka aamke. Herufi A ilishang'oka, nimebandika plasta. Asubuhi tuko wote dukani kwa fotokopi, yeye juu ya boksi la karatasi chini ya kaunta, mimi napiga chapa sivii za watu wanaopata kazi.

Nimempigia Baba Tone. Yuko barabarani na lori lake, nilisikia injini kuliko yeye. Amefurahi. Halafu akaanza na "lakini", nikajua linakuja. Mama yake kampigia tena.

Neno la mama mkwe ni lile lile. Mwezi huu ukiisha sina kazi ya maana, Machi thelathini na moja, anamchukua mjukuu wake akae kwake. Mtoto ana miaka miwili na miezi minne, maneno anayo manne. Mama. Maji. Hapana. Na "ta" ambayo hatujui ni nini. Kwake kuna uwanja umejaa watoto wa wifi zangu, atasema tu. Mimi nikipata kazi, nitamlipia shule ya chekechea, atapata wenzake huko huko. Nisipopata — ataondoka.

"Mama Tone, mimi sikuchukii," aliniambia. "Lakini huyo mtoto atajifunza kusema kwa nani? Kwa ukuta?"

Ni mtu mzima, mama wa mume wangu, na hakukosea.


Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya mtihani wa mtandaoni. Maswali matatu, saa moja na nusu, kamera inakuangalia usoni muda wote. Wameandika: usitoke kwenye kiti, usiongee, usiangalie pembeni.

Nilianza Tone alipolala. Swali la pili akaamka!

Hakulia. Hilo ndilo linaniuma sasa nikilifikiria. Aliinuka, akaniona niko mbele ya laptopu, akaweka kidole mdomoni mwenyewe. Anajua. Nimemfundisha. Shh, mama anafanya kazi. Akakaa na kopo lake la vifuniko vya kalamu, anavitoa kimoja kimoja bila kuvigonga. Mtoto wa miaka miwili!

Nikimaliza mstari namtupia jicho. Nikimaliza mwingine, jicho. Nikadhani nafanya kwa siri.

Programu zote tatu zimefanya kazi. Sijui waliouliza walitaka kujua nini. Swali la tatu lilihusu mti wa namba, yaani namba zilizopangwa kama matawi, ulioinamishwa kichwa chini. Sijawahi kukutana na mtu anayeuhitaji mti huo. Dukani niliandika programu ya kupanga foleni ya kazi za wateja, nani kaleta nini, nakala ngapi, anachukua lini. Mwezi wa saba huu haijakwama hata siku moja. Mzee wa duka aliyekuwa anagombana na wateja kila jioni sasa anapiga mluzi. Hilo hakuna swali lililoniuliza.


Jumatatu, 10 Machi

Nimepita! Jumatano ubaoni.

Ila kuna onyo. Mfumo umerekodi kuwa niliangalia pembeni mara kumi na moja. Natakiwa kueleza kwa maandishi.

Niliandika aya nzima, nikaifuta. Nikaandika: Mtoto.

Wakajibu: Maelezo yamepokelewa.


Jumatano, 12 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya jengo lao, nisiposema hapa nitapasuka.

Tone nimemwacha kwa jirani yangu fundi cherehani, mlango wa tatu. Kaniambia nenda tu jirani, nitamkalisha kwenye vitambaa. Gauni ni lile la harusi ya wifi, nimeligeuza mkanda.

Pale mapokezi tulikuwa sita. Aliyekaa karibu nami alikuwa binti mwenye kucha ndefu za bluu, mchangamfu, ananikaribisha peremende kama vile ni kwake. Akanong'ona nimekariri maswali mangapi. Nikasema sijakariri. Akanishangaa! Yeye kakariri mia mbili. Kuna kundi kwenye simu, kila anayetoka kwenye usaili anatupia swali humo. Lakini usijibu haraka dada, ananielekeza, watajua. Sitasita kidogo. Jikune kichwa. Jaribu njia mbovu kwanza, halafu useme "Aaa! Ngoja!" kama vile umegundua sasa hivi.

Nilicheka. Nikadhani ni utani.

Chumba ni cha vioo, kila anayepita koridoni anakuona. Ndani walikuwa wawili. Dada wa ajira na fomu yake, na mkubwa wa watengeneza programu, mwanaume wa ndevu zilizochongwa kama na rula. Ubao mweupe, kalamu tatu, mbili zimekauka. Swali: una orodha ndefu ya namba, kila namba ina mwenzake anayefanana naye isipokuwa moja. Itafute hiyo isiyo na mwenzake.

Swali zuri. Nasema kweli, nililipenda. Nikasimama nikaliangalia. Kichwani kukanyooka kote, kama unapokung'uta shuka. Nikaandika.

"Unafikiri nini?" Ndevu akauliza.

Nikasema nafikiri.

"Sema unachofikiri. Fikiri kwa sauti."

Nikafungua mdomo — hakuna kitu! Nilipotafuta maneno, namba zikakimbia. Nikaufunga, zikarudi. Mimi nimejifunza kazi hii mdomo umefungwa. Mwaka na nusu, pumzi kwa kupimia, vidole taratibu ili plasta ya herufi A isilie. Kufikiri kwangu ni hivyo. Nitaongea vipi na mtoto amelala?

Mtoto hakuwepo pale. Mwili wangu haukulijua hilo.

Dakika tisa kimya. Nikamaliza. Mistari minne. Ndevu akaisoma kwa kidole, mara mbili, akajaribu namba zake mwenyewe, ikajibu. Akamwangalia dada wa ajira. Dada wa ajira akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Nilipotoka, Kucha alikuwa anaingia. Kioo hakizuii sauti vizuri. Nilimsikia: "Aaa! Ngoja!"


Alhamisi, 13 Machi

Suluhisho: sahihi. Mawasiliano: hafifu. Hatutaendelea nawe kwa sasa.

Hafifu!

Yule aliyeigiza kufikiri ameeleweka. Aliyefikiri kweli hakuonekana.

Nimefua. Nimefua hata visivyo vichafu.


Ijumaa, 14 Machi

Simu ya dada wa ajira, saa tano, niko kwenye mashine. Nikadhani anataka kuniambia nichukue vyeti vyangu.

Watu wawili wamejitoa. Na mkubwa wake hajatulia tangu juzi, anasema mistari ile minne ni mifupi kuliko yote aliyowahi kuiona pale ubaoni. Lakini anasema hawezi kufanya kazi na mtu ambaye yeye hajui anawaza nini. Kwa hiyo nimepewa jopo, kwa video, Ijumaa ijayo saa nane. Swali jipya. "Ukinyamaza tena dada yangu," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwema, "hata mimi sitaweza kukusaidia. Ongea. Hata ukiongea upuuzi, ongea."

Nikamuuliza kama naweza kuwaonyesha programu ya duka. Akasema hiyo haina sehemu kwenye fomu.

Mzee wa duka kanisikia. Akasema hao watu wanatafuta mtengeneza programu au mtangazaji wa mpira? Wateja wote wakacheka. Mimi pia, kidogo.


Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kujirekodi kwa simu. Nasikika kama mtu anayekiri kosa polisi.

Fundi cherehani kanikuta naongea na ukuta. Kaniambia jirani, umeanza lini? Nikamweleza. Akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Halafu akasema, kwa nini ukuta na una mtoto? Muongeleshe huyo. Yeye hatakupa alama mbaya.

Nilisimama pale na ndoo mkononi.

Mchana Tone alipolala sikufungua laptopu. Nilingoja aamke. Nikamwaga kikapu cha soksi, zake, zangu, za baba yake, nikakaa naye katikati.

"Nachukua soksi ya kwanza. Naiangalia. Mwenzake yuko wapi? Simwoni. Naiweka pembeni. Nachukua ya pili. Mwenzake yuko wapi? Huyu hapa! Nawatoa wote wawili."

Tone akanikodolea macho. Kisha akaweka kidole mdomoni.

Anadhani ni yeye anayepiga kelele? Hapana. Alikuwa ananinyamazisha mimi.

Nikakishika kile kidole, nikakishusha. Nikaendelea. Soksi zilipoisha nikazichanganya, tukaanza tena. Mara nane. Sauti ilinikauka.


Jumapili, 16 Machi

Soksi. Vijiko. Vifuniko vya kalamu. "Nachukua, naangalia, mwenzake yuko wapi?"

Nimegundua kitu. Mikono ikiwa na kitu cha kushika, maneno yanatoka. Na ukikosea, unasema umekosea, unarudi nyuma, hakuna kinachovunjika. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Labda ndilo wanalotaka kulisikia, na mimi nilidhani wanataka nisikosee.

Kidole hakijapanda mdomoni leo.


Jumanne, 18 Machi

Amesema! Jamani amesema!

Dukani, saa nne, chini ya kaunta. Mteja kaangusha kalamu, Tone akaiokota, akaiangalia mbele na nyuma, akaiweka juu ya boksi. "Pembeni," akasema. Wazi kabisa. Pem-be-ni.

Mzee wa duka akazima mashine. Aseme tena! Akasema tena. Mteja hakuelewa kwa nini mimi nalia na kwa nini amepewa nakala za bure.

Sasa niandike na lile jingine, maana hapa hakuna anayesoma. Mwezi wa kwanza nesi wa kliniki aliniuliza, mama unamsemesha mtoto? Nikamjibu kwa ukali, bila shaka namsemesha! Nilidanganya. Nilikuwa namlisha, namwogesha, namvalisha, nikimwimbia ni kwa kumlaza, ili nifungue laptopu. Miaka miwili neno lake kubwa kutoka kwangu ni shh. Mpaka mwanaume wa ndevu aliponiambia niongee, ndipo nikakumbuka kuwa mwanangu ana masikio.

Kama wangenipa alama nzuri pale ubaoni, angekuwa bado na maneno manne.

Sijui nimshukuru nani. Simshukuru mtu.


Jumatano, 19 Machi

"Meza yuko wapi?" Ndiyo namna yake ya kusema mwenzake yuko wapi. Anauliza kila kitu. Kiatu, mlango, jua. Jioni aliunyooshea kidole mkono wangu wa kushoto: "Meza yuko wapi?" Nikamwonyesha wa kulia. Kicheko chake!

Nimemwambia Baba Tone kwenye simu. Kasema mpe niongee naye. Tone akaishika simu, akaiangalia, akaiweka pembeni. Tulicheka wote hadi simu ikakatika.


Alhamisi, 20 Machi

Mama mkwe ameingia asubuhi. Hakusema anakuja. Ana begi kubwa la zipu, na begi ni tupu. Nililinyanyua kumpokea, likapanda lenyewe.

Tarehe thelathini na moja bado, nikamwambia. Akasema anajua, ila gari la kumrudisha linaondoka kesho jioni na hatapata jingine mwezi huu. Baba Tone ndiye aliyemwambia jibu la kazi litatoka kesho. Kwa hiyo tusubiri wote. Likitoka vizuri, ataondoka na begi lake tupu, na atafurahi, wallahi. Lisipotoka —

"Sitaki tugombane, mwanangu."

"Hatugombani, mama."

Nikamwambia Tone ameanza kusema. Akamkalisha mapajani. Haya mjukuu wangu, sema, bibi akusikie. Tone kimya. Sema pembeni. Kimya. Kwa mgeni hasemi. Nikamwaga soksi, nikaanza mchezo wetu, na sauti yangu ikawa ile ya kukiri kosa polisi, kwa sababu mama mkwe alikuwa ananiangalia. Tone akajificha kwenye nguo yangu.

"Si kitu," mama mkwe akasema. Akaanza kukunja soksi mwenyewe, mbili mbili. Alinionea huruma, na ningependa anitukane.


Ijumaa, 21 Machi

Jopo wamezima kamera zao. Yangu wamesema niiache wazi. Dakika kumi, wanajadiliana. Naandika chini ya meza, daftari liko mapajani, siangalii chini, herufi zitapanda juu ya nyingine potelea mbali.

Mpango ulikuwa fundi cherehani akae nao kwake, Tone na bibi yake. Saa nane kasoro kumi fundi kaja mbio, wateja wa sare za shule wamejaa kwake, hakuna hata pa kuweka mguu. Basi Tone na bibi yake wamekaa nyuma ya pazia, kitandani. Nikamwomba mama mkwe, tafadhali mama, saa moja tu. Akasema hata pumzi hutaisikia.

Watu watatu kwenye skrini. Ndevu, dada wa ajira, na mzee mmoja ambaye hakutambulishwa. Wakasoma kanuni. Uwe peke yako chumbani. Asiwepo mtu wa kukusaidia.

Swali: orodha mbili za wateja, moja ya jana, moja ya leo. Tafuta walioondoka na walioingia. Karibu nicheke! Hiyo ni foleni ya duka letu. Hizo ni soksi.

Na nikaongea. Niliongea! Nachukua wa kwanza kwenye orodha ya jana. Naangalia orodha ya leo. Yupo? Yupo, namtoa. Huyu je? Hapana, hapa nimekosea, narudi nyuma. Ndevu aliinamia kamera. Dada wa ajira alitikisa kichwa kwa kunikubalia kila nilipopumua. Mikono yangu ilikuwa inacheza hewani kama nashika vitu. Sijawahi kujisikia hivyo mbele ya watu. Yote yaliyokuwa kichwani, nje, mezani, wayaone.

Nikasema, "Huyu hana mwenzake. Naweka wapi?"

Nilikuwa najiuliza mwenyewe.

"Pembeni!"

Nyuma ya pazia. Kwa nguvu, kwa furaha. Alisikia sauti ile akajua ni mchezo wetu. Na pazia likafunguka, akatoka mbio, hana kiatu kimoja, "Mama, meza yuko wapi? Weka pembeni mama!" — maneno sita, saba, mfululizo, sentensi! — na bibi yake nyuma anamfuata kwa magoti, mkono mmoja mdomoni, macho yamemjaa maji. Alisikia! Alimsikia mjukuu wake!

Ndevu akasema, "Samahani. Tunasikia sauti nyingine. Kuna mtu anakupa majibu hapo?"

Anakupa majibu.

Nilikuwa na la kusema. Kwa mara ya kwanza maneno yote yalikuwepo. Ningesema huyu ni binti yangu, ana miaka miwili, hiyo ni sentensi yake ndefu ya kwanza, ngojeni. Ningemnyanyua wamwone.

Nikageuka nikaweka kidole mdomoni. "Shh!"

Nilimfanyia shh. Mkali. Ule wa zamani.

Akasimama pale pale. Kidole chake kikapanda mdomoni, taratibu, kama hakijawahi kushuka. Nikageukia kamera nikasema hakuna mtu. Nikamalizia mistari iliyobaki, na kwa sauti, vizuri kabisa, kila hatua. Jibu ni sahihi. Nimelijaribu.

Nilisema hakuna mtu.

Dakika ya nane. Tone yuko mapajani kwa bibi yake, kitandani, pazia wazi. Namnong'oneza bila kugeuza shingo, Tone, soksi iko wapi? Tone, sema mama. Bibi yake anamnong'oneza pia, sema mwanangu, umesema sasa hivi, nimekusikia. Hatoi kidole. Begi liko mlangoni, zipu wazi. Mama mkwe hajaligusa. Ananiangalia mimi, na gari lake linaondoka saa kumi na moja.

Nimeangalia pembeni mara nne. Labda tano.

Skrini imewaka. Ndevu amerudi, anatabasamu, ana karatasi mkononi. Anasema asante kwa kusubiri, wana jambo moja la mwisho la kuniambia. Anasema sasa wananisikia vizuri sana, kumetulia. Naweka kalamu pembeni.